Paluku Asiyetajwa

Adèle alitoka kwa Séphora uso ukimwaka, akatembea mbiombio kama mtu aliyeiba. Hakuiba kitu. Alikuwa amemkana mtoto wake wa kumzaa, na akakamatwa hapo hapo.

Mtoto mwenyewe ni Élysée, wa miaka saba, mwenye usonji. Hasemi. Akifurahi hupepea vidole mbele ya macho. Akitaka kitu asipate, hujibamiza kichwa ukutani. Daktari alisema mtoto apate mtu wa terapi, wa kumzoesha kidogo kidogo kuomba maji bila kujiumiza, kungoja, kuvaa. Akawatajia wawili: Séphora, dada mmoja wa hapa hapa Butembo, na bwana Cyrille mwenye kituo kule Beni. Edmond, babake mtoto, ni mtu wa safari za kununua bidhaa. Alifunga mizigo yake akasema, "Chagua weye, Mama Kambale." Akaondoka.

Mama Kambale! Hata mumewe alimwita hivyo. Na kila Mnande, mtu wa kabila la huku Butembo, anajua kwamba mvulana wa kwanza wa mama ni Paluku, wa pili ndiye Kambale, hata padri awabatize majina gani. Élysée ndiye Paluku. Kambale ni mdogo wake, yule anayebebwa mgongoni, anayepelekwa sokoni na kanisani, anayesifiwa mashavu.

Siku hiyo kwa Séphora, Adèle alikuwa amekwenda na watoto wote wawili. Alipoulizwa mkubwa ni wa nani, alijibu bila kupepesa macho, "Ni mutoto ya dada yangu." Mdogo akaanza kuchokora makaratasi mezani, na Adèle akamkemea kama anavyomkemea kila siku:

"Kambale, tulia!"

Séphora akaweka kalamu chini. Naye ni Mnande.

"Huyu mudogo ni yako?"

"Ee, ni yangu."

"Donc Paluku yako iko wapi?"

Élysée alikuwa amesimama palepale, paji la uso amelizamisha tumboni mwa mamake, kama afanyavyo mahali asipopazoea. Adèle alimvuta Kambale kando ya meza. Séphora hakumsonga, alianza kueleza kazi yake kwa sauti ya chini. "Miye hapana nafungiaka mutoto fasi moja. Tutafanya ku nyumba, ku butike, ku misa. Na weye njo utafanya kazi. Miye nitakuonyesha tu."

Katika maneno yote hayo mazuri, Adèle alisikia mawili: butike, yaani dukani kwake, na misa, kote kwenye macho ya watu. Akasema atafikiri.

Alikuwa na sababu zake, za kijinga lakini zake. Walifika Butembo wakitoka Eringeti, wakikimbia wauaji wa porini, Paluku akiwa mdogo mgongoni. Kambale alizaliwa hapa. Kufikia wakati huo Adèle alikuwa ameshaanza kuona kwamba mkubwa hamtazami mtu machoni, na alipofungua duka la vitenge sokoni Kimemi, alimwacha nyumbani na mama mkwe, nyuma ya geti refu. Alijiambia ni kwa siku chache. Siku chache zikawa maisha. Sokoni hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza Paluku wake yuko wapi, na Adèle aliihesabu hiyo kuwa bahati.

Basi akachagua Beni. Nasema akachagua, lakini hakupima chochote. Hakuuliza kule wanafundishaje, wala nani amepona nini. Bwana Cyrille ametoka Kasai, si Mnande. Kwake Kambale ni jina tu kama Joseph. Mtu huyo hawezi kumhesabia watoto. Hicho ndicho kilichompeleka Adèle Beni, na hakuna kingine.

Siku ya kwenda alimwacha Kambale kwa bibi. Bwana Cyrille aliwapokea vizuri: shati limepigwa pasi, kiti kimefutwa. Swali la kwanza la Adèle lilikuwa, "Batu ya Butembo banafikaka huku?"

"Hapana sana, mama. Huku ni kimya." Akamtazama mtoto. "Na weye ni mama yake?"

"Hapana. Miye ni mama yake mudogo."

"Ah, bon!" Mtu yule akalegea kabisa, akasimama. "Basi kuya uone. Bamama hatubaingizaka ndani, banaharibu kazi. Mais weye ni mama mudogo, tunaweza kusema kweli."

Ndani kulikuwa na chumba kirefu, kimefagiliwa. Watoto wameketi, mikono juu ya meza, kimya hata kikohozi hamna. Kila aliyetulia alipewa kipande cha biskuti. Mwishoni kabisa kulikuwa na mvulana mmoja, vifundo vya mikono vimefungwa kwenye kiti kwa kipande cha nguo.

"Huyu alikuwa anapiga-piga mikono, sawa huyu yako," alisema Cyrille, tena kwa fahari. "Ona sasa. Iko calme."

Mvulana alikuwa ametulia kweli. Vidole tu, chini ya ile nguo, vilikuwa bado vinacheza.

Paluku aliona mwanga unaoingia dirishani, akafurahi, akaanza kupepea vidole vyake.

"Na hii tutaimaliza," Cyrille akasema. "Mama yake hapana atasumbua? Bengine banakuyaka kulia-lia ku mulango."

Adèle aliona aibu. Mtoto aliyetulia, mahali pasipoonwa na mtu, na mama asiyesumbua: si ndicho alichokifuata kote huku? Mtu huyu hakumdanganya. Alikuwa anamuuzia kile kile alichokuja kununua.

"Mama yake njo miye," alisema.

Cyrille hakukasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu. Alisema polepole, karibu kwa huruma, "Mama, miye ninamufunga mikono. Weye umemukatala, na iko anasikia. Nani anamuumiza kupita mwenzake?"

Adèle alimshika mwanawe mkono wakatoka, na njia nzima ya kurudi hakuthubutu kumtazama, kana kwamba mtoto ndiye atakayemuuliza.

Alirudi kwa Séphora, akasimama mlangoni akasema yote, la kwanza mpaka la mwisho. Séphora hakumpa pole wala lawama. "Basi tuanze," alisema. "Ku butike."

Wakaanza. Paluku aliketi kwenye mkeka nyuma ya meza ya vitenge, kikombe kitupu kando yake. Akitaka maji, Séphora alimwongoza mkono akiguse kikombe, na Adèle ammiminie mara moja, kabla hajafika ukutani. Séphora alifanya kidogo tu, kisha akajivuta pembeni akamwachia mama kazi. Mtoto alikigusa kikombe, akanywa, akapepea vidole.

Ndipo Mama Kahongya akavuka. Anauza maharage ya Musienene upande wa pili wa barabara, na ni rafiki wa Adèle tangu siku ya kwanza Kimemi.

"Na huyu mutoto muzuri ni wa nani?"

Séphora alimtazama Adèle, akamwachia jibu.

"Ni Paluku yangu."

"Paluku yako?" Kopo la kupimia maharage likamponyoka. "Ile ya Eringeti?"

"Ee."

"Yesu! Mais siye tulijua alikufiaka kule! Mulikuya huku, tukaona Kambale, Paluku hapana. Nani angekuuliza? Mutu ya kutoka Eringeti hapana banamuulizaka vile." Machozi yakamtoka. "Kila siku ya bafu, ya kukumbuka bale balikufa, tunamutiaka mu misa, miye na bamama bote ya huku. Paluku ya Mama Kambale, apumuzike na amani."

Wauzaji wengine walikuwa wameshasogea. Adèle alitamani ardhi ipasuke. Ile aliyoiita bahati miaka yote ilikuwa heshima ya watu kwa maiti wake.

"Balimushika mu pori?" Mama Kahongya aliuliza, amemkamata mkono. "Balimurudisha lini?"

Uongo ulikuwa tayari, umetandikwa mbele yake kama kitenge, na wote walikuwa na hamu ya kuuamini. Wangempigia vigelegele.

"Hapana," Adèle alisema. "Alikuwa ku nyumba."

"Ku nyumba gani?"

"Ya kwetu. Huku Butembo."

Mama Kahongya aliuachia mkono wake taratibu. Kisha yule mama mzima akapiga magoti kwenye vumbi mbele ya mtoto, asimguse, asimlazimishe kumtazama.

"Unisamehe, papa," alimwambia. "Tulikuzika, na weye ulikuwa muzima."

Adèle, ambaye ndiye aliyemzika, alikuwa bado amesimama.