Ntaua, Musiniue

Bertha Yona aliajiriwa kwa stashahada yake ya utunzaji wa nyaraka, si kwa ushujaa. Kazi yake mjini Tanga ilikuwa kupiga picha kitabu cha ngozi ya mbuzi kilichokutwa darini, kwenye nyumba ya shamba la mkonge ambalo wenyeji hadi leo huliita Kwa Mgiriki, kwa ajili ya mwenye shamba wa zamani. Kilikuwa kitabu cha sala, cha Kigiriki cha kale, na chini ya sala palikuwa na maandishi ya zamani zaidi yaliyokwanguliwa. Kwa macho huoni kitu. Ila ukiumulika ukurasa kwa taa nyekundu, kisha ya kijani, mwisho ya urujuani, kompyuta ikizipanga picha hizo, herufi iliyofutwa hujitokeza kama doa la mawese kwenye kanga iliyofuliwa. Programu nayo huisoma na kuiandika kwa herufi zetu, kwa faida ya wasiojua Kigiriki, kama Bertha na mwenzake Uweso, fundi wa taa kutoka Pangani.

Jumatatu moja, pembeni mwa ukurasa wa mwisho, taa ya urujuani ikatoa mstari wa mwandiko mwingine, wa wino uliofifia, wa enzi za shamba. Kompyuta ikaandika:

ntaua gia tzoso iko kisimani musiniue

Uweso aliacha kutafuna karanga. "Mama Love, hiki Kigiriki gani? 'Ntaua' si ndivyo tusemavyo kwetu? Nitaua! Na hapa mwisho, msiniue. Yupo mtu kisimani, anaitwa Giatzoso. Mgiriki wako kaua, kisha anaomba yeye asiuawe."

"Wangu tangu lini? Baba yangu alimkatia mkonge tu."

Alijibu hivyo, lakini akausoma mstari mara ya pili. Kisima cha Mgiriki kilikuwa kimezibuliwa mwezi uliopita na kuwekewa pampu ya mkono, uani mwa shule. Waliokizibua walipima chumvi, wakaridhika. Bintiye Loveness alisoma shule hiyo, akilelewa na bibi yake kambini, kwenye nyumba za wakata mkonge.

Bertha akampigia mwalimu mkuu, Mwalimu Hosea. Kufika Ijumaa kambi nzima ilikuwa na habari. Giatzoso hakuna aliyewahi kumsikia, lakini ghafla kila mtu alikuwa na babu aliyemfahamu. Pampu ikafungwa siku mbili. Shehe akasoma dua, mchungaji akaomba, ubani ukafukizwa, pampu ikafunguliwa.

"Mama, sasa watu wanakuja hata kutoka kijiji cha pili," Loveness alisema kwenye simu. "Wanasema maji yameombewa mara mbili. Mimi naogopa."

"Kunywa maji, acha mambo ya mizimu. Maiti hamng'ati mtu."

Jumatano iliyofuata likaja jibu la mtaalamu wa Athene. Alisifu picha, akasema maandishi ya chini yanasomeka vizuri ajabu. Ule mstari wa pembeni, aliandika, si Kigiriki. Huenda mashine imekosea. Mwisho, kwa uungwana, akaliandika jina la Bertha kwa herufi za kwao.

Uweso akalitia kwenye programu. Ikatoa: Mpertha.

"Mpertha!" Uweso alicheka hadi akashika meza. "Shikamoo Bi Mpertha! Hawa watu hawana B?"

"Hawana," alisema Bertha akicheka naye. Kicheko kikamkatika. "Wanaandika mp. Na D je? Hebu tafuta kwenye simu."

Uweso akatafuta, kicheko bado kimembaki shavuni. "D wanaandika nt. J wanaandika tz. Sh hawana kabisa, wanaweka s. Gi huwa y."

Bertha alichukua kalamu, akarudia mstari neno kwa neno, akiutamka kwa ulimi wa mgeni. Ntaua: daua. Dawa. Gia: ya. Tzoso... joso. Josho, la kuogeshea ng'ombe. Musiniue akaliandika mara tatu, hadi niu ikawa nyw.

Dawa ya josho iko kisimani. Msinywe.

"Josho lina dawa gani?" Uweso akauliza. Yeye ni mtu wa samaki.

"Ya kuua kupe. Ya enzi zile ilikuwa aseniki. Baba alisema ng'ombe akiilamba, jua halizami yungali hai. Haiozi, Uweso, hata umwage miaka mia. Nipe funguo za pikipiki."

"Unajua kuendesha?"

"Basi nipeleke!"

Simu ya Mwalimu Hosea iliita njia nzima bila kupokewa. Walipofika, foleni ya ndoo ilizunguka uani hadi nyuma ya madarasa. Bertha akapita katikati, akapiga teke ndoo iliyokuwa ikijazwa, akaukumbatia mpini wa pampu kwa mikono miwili.

"Una wazimu?" mama mmoja alifoka. "Nani kakutuma?"

"Mgiriki."

"Yule muuaji?"

"Hakuua mtu. Alitukataza maji. Ni sumu!"

Mwalimu Hosea akatoka ofisini mbiombio. "Mama Loveness, una barua ya wilaya?"

"Nina mikono. Njoo uitoe."

Hakuna aliyesogea. Hakuna aliyeondoka pia. Kutoka mbele ya foleni Loveness akajitokeza, ndoo kichwani, maji yakimchuruzika mashavuni.

"Umeyanywa leo?" Bertha akamwuliza.

"Leo tu, mama?"