Kisu Hakiazimwi

Kisu kilimkunjikia Lornah vidoleni Jumatano asubuhi, akiwa amekalia ndoo mlangoni pa chumba chake Kangemi, akijizoeza kuchonga vijiti vya mparachichi. Hakikutoa ishara yoyote. Kilijifunga tu, makali yakapitia kwenye kidole chake cha shahada, na alipokifungua tena damu ilikuwa imekwisha kufika kwenye kiwiko. Kilikuwa kisu cha kupendeza machoni: cha kung'aa, chenye kifungua chupa, kijimkasi, na kitochi kidogo upande wa nyuma, alichouziwa kwa shilingi mia tatu na mchuuzi aliyeapa kwa jina la mamake. Kitochi, ajabu ya mambo, kiliendelea kuwaka.

Jirani yake Maureen alimfunga kidole kwa kitambaa huku akimkemea, jinsi jirani anayekupenda anavyokemea.

"Si uazime tu ya mtu? Kisu ni kisu."

"Pale hawaazimani," Lornah alisema.

Na hakuwa anatia chumvi. Jumamosi hiyo alitakiwa afike kwenye kitalu cha miche kule Uthiru kufanya jaribio. Walikuwa wameitwa watu saba na nafasi ilikuwa moja: mpandikizaji wa kudumu, mwenye mshahara wa kila mwezi, wa kuunganisha kijiti cha mparachichi bora kwenye shina la mche wa kienyeji mpaka viwili hivyo viwe mti mmoja. Msimamizi wa kitalu, mtu mkavu wa maneno aitwaye Kaindi, alikuwa ametundika juu ya meza ya kazi kibao cha maandishi mekundu: KISU HAKIAZIMWI. Siku Lornah alipokwenda kuomba nafasi, Kaindi alimwonyesha kibao hicho kwa kidevu.

"Kila mtu na chake, kama mswaki. Kisu cha kuazima kinabeba ugonjwa wa mti huu kupeleka kwa ule. Na makali yanamzoea anayeyanoa. Kwa hivyo asiye na kisu asijisumbue kuja."

Lornah alikubali kwa kichwa kana kwamba visu vimejaa nyumbani kwake. Ukweli ni kwamba miaka minne yote aliyofanya kazi kwenye kitalu cha kando ya barabara cha mzee Jamleck alikuwa akitumia kisu cha Jamleck. Kisha barabara ikapanuliwa, miche ikapakiwa kwenye mkokoteni, na Jamleck akarudi kwao na kisu chake mfukoni. Kwa miezi tisa sasa Lornah alikuwa akizunguka Lavington, lango hadi lango, akiwauliza mabawabu kama ndani kuna nyasi za kukata. Siku nyingine zilikuwepo. Siku nyingi alirudi Kangemi akiwa amechoka kwa kutembea tu, na hakuna uchovu unaouma kama ule usio na kazi ndani yake.

Lakini kulikuwa na jambo jingine, nalo ndilo lililomkosesha amani zaidi ya kidole. Kwa Jamleck, katika kila miche kumi aliyopandikiza mzee, tisa ilishika. Katika kumi ya Lornah, ilishika sita. "Mkono wako ni mzito, mama," Jamleck alikuwa akimwambia, bila ubaya, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Lornah alimsadiki. Alikuwa na sababu yake ya kumsadiki, kwa maana mkono wenyewe ulikuwa wa kushoto.

Nyanyake alikuwa ameushughulikia mkono huo mapema. Ulipopokea chakula, ulipigwa. Ulipoamkua mgeni, ulipigwa mbele ya mgeni huyo huyo. Mtoto akajifunza kugawa maisha mara mbili: kulia kwa ajili ya watu, kushoto kwa ajili ya kazi, na kazi yenyewe ikiwezekana ifanywe watu wakiwa wamegeuka. Sasa, akiwa na miaka thelathini na sita, alipokea chenji kwa kulia, alishika kijiko kwa kulia, na ni pale tu alipokamata kisu ndipo mkono uliokatazwa ulipochomoka. Aliona haya. Alikuwa ameamua kwamba Jumamosi, mbele ya Kaindi, angekata kwa mkono wa kulia hata kama ni kwa kulazimisha.

*

Ijumaa alikwenda mjini akiwa na elfu moja na mia tano, nauli ya kurudi ikiwa humo humo, mkono wa kushoto ukiwa ndani ya mfuko wa sweta. Aliulizia duka la visu vya shambani na kuelekezwa, kwa mara ya tatu ndipo akalipata, kwenye kichochoro cha maduka ya vyuma upande wa River Road. Nyuma ya kaunta alisimama mzee mmoja wa Kihindi aliyevaa sweta nene kana kwamba ni baridi ya Julai. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye kibao kilichofifia: Pranlal.

"Kisu ya kazi ama ya kuonyesha watu?" mzee aliuliza kabla hajaamkuliwa vizuri.

"Ya kazi, mzee. Ya kupandikiza miti. Ya kukunja."

Pranlal alimtazama tena, safari hii kwa makini. Akafungua kabati la kioo, akatoa visu vitatu, akavipanga juu ya mbao za kaunta. Lornah aliponyoosha mkono kupokea, mzee alirudisha wake nyuma.

"Kisu hapana pewa mtu mkononi hapa. Naweka chini, unachukua mwenyewe. Baba yangu alifanya hivyo, mimi pia nafanya hivyo."

Lornah alichukua cha kwanza, kwa mkono wa kulia bila shaka. Kilikuwa kimetengenezwa Ulaya, mpini wa mti mwekundu, na kilipofunguka kilitoa mlio mmoja mfupi, kama mlango wa nyumba ya mtu mwenye mali. Bei yake ilikuwa elfu nne na mia mbili. Alikirudisha haraka asije akakizoea. Cha pili kilikuwa elfu mbili na mia nne. Cha tatu kilikuwa na mpini wa plastiki, elfu moja na mia mbili, na moyo wake ukaanza kukielekea kama mgonjwa anayeielekea dawa rahisi.

"Usiangalie kung'aa," Pranlal alisema. "Inua, angalia kwa mwanga. Hapo chuma inaingia kwa mpini, unaona mwanga?"

"Naona."

"Haya. Sasa sukuma mgongo yake kwa mbao. Polepole."

Lornah alisukuma. Kisu kikasitasita, kisha kikaanza kujikunja, na kidole chake chenye kitambaa kikapwita ndani ya mfuko kana kwamba kimeona. Akahesabu kichwani alichokuwa tayari amekihesabu mara kumi: hata akilala njaa, hata akitembea, hakuna hesabu iliyomfikisha kwenye elfu mbili na mia nne. Ingebidi achukue hiki cha plastiki, akishike kwa mkono asiouzoea, akate mbele ya watu huku akiogopa kukatwa. Alihisi machozi yakija, akakohoa badala yake.

"Nitachukua hii," alisema.

"Jaribu kwanza. Mimi siuzi bila kujaribu." Mzee alisukuma mbele kopo lenye vijiti vya mti. Ilikuwa wazi kwamba alikuwa na mazoea hayo. Sakafu chini ya kaunta ilijaa maganda.

Kukata kijiti kunahitaji mikono miwili. Hapo Lornah hakuwa na la kufanya ila kuutoa mkono wa kushoto mfukoni. Alishika kijiti kwa vidole vilivyobaki, akavuta kisu kwa kulia, na mkato ukatoka kama uliotafunwa na panya. Akajaribu tena. Panya yuleyule.

Pranlal hakuwa akiangalia kijiti. Alikuwa akiangalia kitambaa.

"Nani amekukata?"

"Kisu. Ilijikunja."

"Ilijikunja." Mzee alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya sweta, akaivaa. "Mama, kisu ikijikunja inakata mkono iliyoishika. Miaka hamsini nauza visu. Mtu wa kulia anakuja hapa na kidole ya kulia imefungwa. Wewe umefungwa ya kushoto. Kwa nini unanidanganya?"

Lornah alihisi uso ukimwaka. Hakuna mtu aliyewahi kumkamata waziwazi namna hiyo tangu nyanyake afariki.

"Mimi ni mashoto, mzee," alisema kwa sauti ndogo. "Lakini nikikata na kushoto pia haishiki vizuri. Sita kwa kumi. Mkono wangu ni mzito."

"Ulikuwa unatumia kisu ya nani?"

"Ya mdosi wangu, mwenye kitalu."

"Yeye wa kulia?"

"Ndiyo."

Pranlal alichukua kile kisu cha bei kali, akakigeuza. "Angalia. Hii ya kupandikiza inanolewa upande moja tu. Hapa imechongwa, hapa iko sawa kama kioo. Hii upande sawa ndiyo inalala kwa mti. Ukishika na kushoto, upande mbaya ndiyo inalala kwa mti. Inachimba. Mkato inatoka na tumbo. Tumbo na tumbo zitashikana aje?" Aliviweka vidole vyake viwili mgongo kwa mgongo, mwanga ukapita katikati. "Hapana mkono. Ni kisu."

Alisema hivyo tu, akainama kwenye droo za chini na kuanza kuvuruga vitu. Lornah alibaki akiangalia nafasi aliyoiacha. Miaka minne. Aliifikiria miche yote iliyokauka mikononi mwake, jinsi alivyoing'oa mapema asubuhi kabla Jamleck hajaiona, jinsi alivyojichukia. Alitamani kukasirika na hakujua amkasirikie nani. Jamleck mwenyewe hakujua.

Mzee aliibuka na kijisanduku cha kadibodi kilicholiwa na mende pembeni. "Hii ilikuja kwa makosa katika dazani. Ya mashoto. Miaka kumi na moja. Nani atanunua? Hapa kila mtu anajificha kama wewe." Akakiweka juu ya mbao.

Kwa mara ya kwanza dukani humo Lornah alinyoosha mkono wa kushoto mbele ya mtu. Mpini ulikuwa wa mti wa kawaida, chuma kilikuwa na madoa ya kutu. Alikiinua kwenye mwanga na hakuona upenyo. Aliusukuma mgongo wake kwenye mbao, haukusogea. Kisha akachukua kijiti, akavuta mara moja, na mkato ukatoka laini, sawa, unyevu uking'aa juu yake. Alikata cha pili, akavibana pamoja, akavitazama kwa mwanga wa mlangoni. Alivitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Elfu mbili," Pranlal alisema, kwa sababu biashara ni biashara.

Walivutana. Lornah alitaja kutu, mzee akataja chuma. Lornah akataja miaka kumi na moja, mzee akataja kodi ya duka. Wakafika elfu moja na mia tano, yote aliyokuwa nayo, pamoja na nauli. Mzee aliandika risiti kwa mwandiko wa kulala: *kisu kimoja cha kupandikiza miti*.

"Weka pamoja na kisu. Polisi wakipata kisu bila karatasi, utalala ndani."

*

Alirudi kwa miguu. Kila alipoona sare ya polisi mbele yake alivuka barabara, lakini Westlands, karibu na daraja, askari wawili walimsimamisha kweli. Mmoja alitia mkono mfukoni mwa begi na kukitoa kile kisu kikiwa kimefungwa ndani ya risiti yake.

"Hii ni ya nini, mama?"

"Kazi."

"Kazi gani ya visu?"

Kwa kawaida angesema anakata nyasi. Lakini jibu lililotoka halikuwa lile alilozoea. "Mimi ni mpandikizaji wa miti," alisema. Askari alisoma risiti, akaisoma tena, akamrudishia vyote kwa kuvidondosha ndani ya begi. Lornah hakugeuka nyuma mpaka alipofika maduka ya ABC Place.

*

Jumamosi, Uthiru, watu saba walipangwa nyuma ya meza ndefu chini ya kile kibao. Kila mmoja alipewa miche ishirini, utepe wa kufungia, na ndoo ya vijiti iliyowekwa kushoto kwake, ili mkono usio na kisu uokote kwa urahisi. Kaindi alieleza kwamba angetazama mikato leo, kisha wasubiri wiki tatu kuona iliyoshika.

Lornah alifungua kisu. Kutu alikuwa ameitoa usiku kwa jivu. Alikishika kwa kushoto, na kijana aliyesimama kando yake akamgusa mwenzake kwa kiwiko. Aliogopa, hakuna njia nyingine ya kulisema. Ndoo ilikuwa upande usiofaa, ikabidi kila mara avushe mkono wa kulia mbele ya kifua chake kuokota kijiti, akabaki nyuma. Wengine walikuwa kwenye mche wa tano yeye akiwa wa pili. Kidole kilifunguka, doa la damu likatokeza kwenye kitambaa. Akavuta mkato wa tatu, sawa. Wa nne, sawa.

Kaindi alikuja kusimama mbele yake. Alichukua mche ambao Lornah alikuwa ameuunganisha lakini hajaufunga, akauinua juani, akafumba jicho moja. Akaurudisha mezani, kisha akanyoosha kiganja.

"Kisu kizuri hicho. Hebu nikione."

Mkono wa Lornah ulikuwa umekwisha kuanza kwenda. Ndivyo alivyolelewa, mkubwa akiomba unatoa, na unatoa kwa mkono wa kulia. Watu sita waliacha kukata. Alitazama kile kiganja, akawaza malango ya Lavington, akawaza jinsi ilivyo rahisi kumpa mtu anachotaka. Kisha akakikunja kisu, kikatoa mlio wake mmoja mfupi, na akakitia mfuko wa aproni.

"Samahani, mzee," alisema. "Hakiazimwi."

Kiganja cha Kaindi kilibaki hewani kwa muda. Mtu mmoja mwishoni mwa meza alicheka, akanyamaza mwenyewe. Lornah aliyashusha macho kwenye miche yake, kumi na sita bado haijaguswa, akisubiri kuambiwa akusanye vitu vyake.

Kaindi aliinama, akainua ile ndoo ya vijiti kutoka kushoto kwa Lornah, akazunguka meza, na kuiweka upande wake wa kulia. Kisha akasogea kwa mtu aliyefuata.