Pembeni mwa Kahawa

Vumbi la Nyakatuntu ni jekundu, na kiangazi kikishika halina adabu. Linaingia kwenye chumvi, linaingia kitandani, linapanda mpaka altareni bila kubatizwa. Watu wamelizoea. Mtu mmoja tu alikuwa na ugomvi nalo, Projest, kwa sababu lilikuwa linatua juu ya kahawa yake.

Na aliyekuwa akilitimua vumbi hilo kila jioni, tu-tu-tu, tu-tu-tu, alikuwa binti yake wa kumzaa, Kemigisha, na mpira wake wa kikapu.

Mpira aliletewa na mjomba wake kutoka Bukoba, mwaka ule mama yake alipofariki. Mtoto ana miaka saba, hana mama, ana mpira. Utamnyang'anya? Projest hakuweza. Mbele ya nyumba palikuwa na sakafu ya saruji aliyoimwaga kwa mikono yake, ya kuanikia kahawa, na kijiji kizima hapakuwa na mahali pengine ambapo mpira ungedunda ukarudi. Basi akakubali, kwa sharti moja. Kahawa inakaa katikati. Mtoto anakimbia pembeni.

"Pembeni, mwanangu, pembeni!"

Huo ukingo, jamani, ulikuwa upana wa hatua moja. Huko ndiko alikojifunza kudundisha mpira chini chini, usawa wa goti, mkono wa kulia akienda, wa kushoto akirudi. Huko alijifunza kukata kona bila kupunguza mwendo. Akajifunza kutoutazama mpira, maana macho yalikuwa na kazi ya kulinda kahawa. Punje moja ikikanyagwa, baba alijua. Sijui alijuaje, lakini alijua.

Pembeni, mwanangu, pembeni. Akakua hivyo, pembeni, akiimbiwa hivyo kila kiangazi, na aliupenda wimbo huo kwa sababu ndiyo sauti pekee ya mzazi aliyobaki nayo.

Alipofika chuo cha ualimu kule Karagwe, kocha wao, Mwalimu Salvina, alimtazama dakika tano tu akampa jezi namba saba na nafasi ya gadi. Wewe ndiye utakayepandisha mpira, akamwambia. Wewe ndiye utakayegawa. Wasichana warefu wa timu wakamwangalia, kafupi, kembamba, magoti yote makovu, wakacheka. Walicheka mpaka mazoezi ya siku ile yalipoanza, wakaacha.

Ah, miaka ile mitatu! Viwanja vyenye nyufa, ringi zisizo na nyavu, raba zilizoshonwa na kushonwa tena na fundi wa Kayanga mpaka uzi ukawa mwingi kuliko raba. Na Kemigisha akipita mstarini, anateleza, anapotea, anaibukia kule, mpira umeshafika kwa mwenzake na mwenzake ameshafunga. Wapinzani walimpa jina, Yule wa Pembeni. Walimwogopa, na walimpenda pia, maana akikuangusha alikurudia kukuinua.

Ila alikuwa na ugonjwa mmoja. Hakupita katikati. Hata pakiwa peupe, hata mabeki wote wamelala, yeye atazunguka.

"Katikati, Kemigisha!" Mwalimu Salvina alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. "Pako wazi! Pita katikati!"

Alisikia. Alitaka. Lakini miguu yake ilikuwa imelelewa na mtu mwingine.

Na huyo mtu mwingine hakuwahi kuja kumwona akicheza. Hata mara moja. Mechi za vyuo huchezwa Jumamosi za kiangazi, na kiangazi kahawa iko nje. Projest angeweza kumwachia jirani nyumba, akamwachia ng'ombe, akamwachia hata funguo za sanduku. Kahawa hamwachii hata padri. "Nitakuja, mwanangu, kahawa ikishaingia ndani," ndivyo alivyosema kila mwaka, na kila mwaka kahawa ilipoingia ndani mashindano yalikuwa yamekwisha. Kemigisha alisema sawa, Taata. Kisha alikwenda bafuni akalia, huku akimwaga maji kwa kopo ili wenzake wasisikie.

Ukafika mwaka wa mwisho, ikafika fainali, Kayanga, Jumamosi. Baada ya hapo angepangiwa shule, akafundishe, na huko hakuna timu inayomngoja. Akapiga simu nyumbani.

"Shikamoo, Taata."

"Marahaba, mwanangu. Kwema?"

"Kwema. Taata, Jumamosi nacheza kwa mara ya mwisho. Baada ya hapo ni chaki tu. Njoo unione. Mara moja tu, nisikuombe tena."

Upande wa pili alisikia reki ikikwaruza sakafu, ikigeuza kahawa.

"Tuombe Mungu hali ya hewa," akasema baba.

Jumamosi hiyo likaja wingu. Kiangazi kikavu, na wingu limetoka huko lilikotoka, jeusi, zito, halina miadi na mtu. Kemigisha alilitazama akiwa anafunga kamba za raba. Kwa wingu lile Projest haji. Alimjua baba yake. Alimpenda na alimjua.

Akacheza hivyo hivyo, na moyo umemlemea. Alicheza vizuri kuliko siku zote, na kila alipofunga alikumbuka kwamba hakuna wa kumsimulia ambaye angeelewa. Robo ya nne ikaisha ikabaki chembe. Chuo chao kiko nyuma kwa pointi moja, sekunde kumi na mbili, mpira mkononi mwake.

Akainua macho.

Nyuma ya goli la wapinzani, kati ya wanafunzi wenye miavuli, alisimama baba yake. Suruali ya kwenda nayo kanisani, ndala, vidole vya miguu vina maganda ya kahawa, na kwapani amebana turubai la bluu. Turubai lenyewe la kufunikia kahawa! Kumbe alikuwa ameshalishika akafunike, pikipiki ikapita, akaita, akapanda, akalikumbuka yuko njiani. Ee Projest! Kahawa imebaki uchi Nyakatuntu, na nguo yake iko Kayanga.

Furaha ilimjaa Kemigisha mpaka kooni. Taata amekuja. Amekuja na kahawa iko nje.

"Katikati!" Salvina huyo. "Katikati!"

Na kweli katikati palikuwa peupe, pana, panamwita. Akaenda, hatua ya kwanza, ya pili, na hapo, mbele ya macho ya baba yake, miguu ikakata pembeni. Mabeki wawili wakambana mstarini. Akampa mwenzake, Edith. Edith akarusha, mpira ukazunguka ringi, ukazunguka tena, ukatokea nje. Filimbi ikalia, na mvua ikashuka.

Watu wakatimka. Mmoja tu aliingia uwanjani badala ya kutoka, na ndala zake mkononi. Projest alilikunjua turubai, akamfunika binti yake, na Edith aliyekuwa amechuchumaa akilia akamvuta naye ndani. Chini ya turubai kulinukia kahawa, kulinukia nyumbani.

"Umeniona, Taata?"

"Nimekuona."

"Tumefungwa."

"Hilo nalo nimeliona." Akalivuta turubai limfunike Edith vizuri. "Mwanangu, pale katikati kulikuwa na nini?"

Kemigisha aliinamisha kichwa.

"Kahawa yako, Taata."

Projest alilia. Nasema wazi, alilia, mtu mzima, mbele ya watoto wa watu, na hakujifuta.

Kesho yake mchana, baada ya misa, walikuwa nyumbani. Kahawa ilikuwa imelowa yote, nyingine imeanza kunuka uvundo. Walichambua wakaianika upya, jua linachoma, vumbi limeshaamka tena kama halikunyeshewa. Ndipo Projest aliposhika reki. Akaanzia mlangoni. Akavuta kahawa huku, akavuta huku, kwa subira ile ile ya siku zote, mpaka ikatokea njia katikati ya sakafu, pana, safi, kutoka mlangoni mpaka kwenye migomba.

Akaegemea reki.

"Pita katikati, mwanangu."

"Taata, mashindano yamekwisha."

"Najua. Pita."

Kemigisha akachukua mpira. Alisimama kwanza, miguu inabishana naye. Kisha akaingia, kahawa kulia, kahawa kushoto, tu-tu-tu, akafika kwenye migomba, akageuka, akarudi mbio, tu-tu-tu, akicheka na machozi yanamtoka. Vumbi likainuka, jekundu, likatua juu ya kahawa pande zote mbili.

Projest alilitazama likitua, akaliacha.