Tarakimu ya Mwisho

Ndama ndiye aliyeitafuna bangili. Naserian alipomnyang'anya, vikundi vinane vya shanga vilikuwa bado kwenye uzi. Cha tisa kilikwisha kumezwa.

Bangili ile ilikuwa namba ya simu ya Felisiani, kijana wa kijiji cha Daa aliyejitolea kufundisha hesabu pale shuleni Nainokanoka. Naserian, aliyeachia shule darasa la tano, alikuwa akiwapelekea walimu maziwa, na Felisiani akawa anamrudisha kidogo kidogo kwenye hesabu, wamekaa barazani, galoni kando. Siku ya kuondoka alimtajia namba yake. Naserian hakuwa na simu wala daftari. Aliitunga kwa shanga, kila tarakimu na kikundi chake, sifuri ya mwanzo akaiacha.

Miezi minne sasa tangu aondoke. Mama yake mdogo, Nanyokie, alimwazima simu, akamwambia abahatishe tu. Naserian akaweka mbili mwishoni. Akapokea mwanamume asiyemjua, akamuuliza kama amekosea namba au anatafuta mume. Alikata, akairudisha simu. Hakubahatisha tena. Kuuliza shuleni ndiyo kabisa, wangemcheka.

Akawa anashika bangili tu, akihesabu hadi pale uzi ulipokatikia.

Siku moja malishoni likamrudia jambo ambalo Felisiani alilisema kwa majivuno, kama mtu anayesifia dume lake.

"Namba yangu ni tasa. Niliipima kwa kompyuta chuoni. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe."

Naserian alichuchumaa, akafuta vumbi kwa kiganja, akaanza kuandika kwa fimbo. Ikiishia na shufwa, mbili inaigawa. Zikaenda tarakimu tano kwa mpigo. Ikiishia na tano, tano inaigawa, nayo ikaenda. Zikabaki moja, tatu, saba na tisa. Akajumlisha zile nane alizonazo, akapata thelathini na nane. Felisiani alimfundisha kwamba jumla ikigawanyika kwa tatu, namba nzima inagawanyika. Akiongeza moja, thelathini na tisa, tatu inaigawa: hapana. Akiongeza saba, arobaini na tano, nayo vilevile: hapana.

Zikabaki mbili tu, tatu na tisa. Akazigawa kwa saba, mstari kwa mstari, hadi ng'ombe wakamwacha nyuma. Yenye tatu mwishoni iligawanyika yote, bila baki. Akaifuta.

Kesho yake alipanda kilimani kwenye mtandao na simu ya Nanyokie, akaweka tisa. Simu iliita muda mrefu.

"Haloo? Nani mwenzangu?"

Ni yeye. Nyuma yake watoto walikuwa wakiimba jedwali la kuzidisha. Salamu zote alizozipanga njiani akaziacha.

"Namba yako ikiishia na tatu," akasema, "saba inaigawa."

Sauti ya Felisiani ikashuka.

"Na ikiishia na tisa?"

"Inabakiza sita."

"Naserian," alisema Felisiani, "kila simu ngeni ikiita, natoka darasani."

Salio likaisha hapo hapo. Naserian alibaki na simu sikioni, akisikiliza mahali sauti ilipokuwa. Kisha akaketi majanini, akatoa shanga nyekundu, akaanza kuzitunga. Moja, mbili, tatu, hadi tisa.