Mshirika Aliyeacha Kuota

Nyumbani kwa Mama Redempta, kule Vudee, huulizwi kama umelala salama. Unaulizwa umeota nini. Ukungu bado umelalia migomba, moto ndio kwanza unafuka jikoni, na watu wanasimuliana mambo ya usiku kama habari za gulioni. Ernesta, bintiye, alikulia humo. Alipofika chuo kikuu Dar es Salaam kusomea uzamivu wa historia, akachagua kutafiti hilohilo: ndoto za watu wa milima ya Upare. Wenzake walimcheka weee, mpaka wakachoka wenyewe.

Basi chuo kikatangaza cheti cha utafiti shirikishi kwa wanafunzi wa uzamivu wa historia, lugha na fasihi. Sharti lake: uombe pamoja na mshirika asiye mtu wa chuo, utakayefanya naye kazi bega kwa bega, na mshirika huyo arekodiwe akieleza kwa kinywa chake kama amekubali na yeye anapata nini. Ernesta aliitaka nafasi ile mpaka ikamkosesha hamu ya kula. Mshirika angekuwa nani zaidi ya mama yake? Akapanda gari kutoka Same siku ya Jumatano, joto la tambarare akaliacha huko chini. Maombi yangefungwa Ijumaa.

Jioni akamsomea mama maelezo aliyoyaandika. Yalianza na ndoto ambayo mama amekuwa akiisimulia tangu mumewe, mzee Lukasi, afariki. Mzee amesimama langoni na koti lake la kanisani, miguu haigusi majani, ukungu unampita katikati ya vidole, naye anatazama barabara inayotoka Same. Ernesta aliisoma kwa madaha, maneno ya kisomi yamepangwa yakapangika. Mama akasikiliza mpaka mwisho.

"Umeandika vizuri," akasema, akaenda kulala.

Asubuhi Ernesta akamfuata jikoni. "Shikamoo, mama. Umeota nini?"

"Marahaba. Sikuota."

Mama Redempta huyu! Mwanamke anayeota hata akisinzia kanisani! Alhamisi ikapita nyumba imepooza. Ijumaa akaulizwa tena, jibu likawa lilelile. Ernesta akaogopa kwelikweli. Cheti alikitaka, tena sana, lakini sasa alihisi amezima kitu ndani ya nyumba ile na hajui kinawashwaje.

Wakakaa barazani wanamenya tangawizi. Ukungu ulishuka mzito, shamba likapotea, mlima ukapotea, njia ikapotea, ikabaki baraza na watu wawili na harufu ya tangawizi, kama vile dunia imewasahau hapo.

"Mama, nimekukosea?"

"Hujanikosea. Nimechoka kukupa tu." Mama hakuinua macho. "Tangu ukiwa mdogo unaniuliza nimeota nini, nakwambia. Wewe nikikuuliza, eti hukumbuki. Leo wanataka niseme mimi napata nini. Niseme nini, Ernesta? Nidanganye?"

Ilikuwa kweli tupu. Ernesta, msomi mzima, akamenya kipande kimoja, kisha akakimenya tena kilekile kilichokwisha kumenywa.

"Namwota baba," akasema hatimaye. "Nafika mazishini, watu wote wapo, wanaimba. Kila nikilisogelea jeneza, mlima unalirudisha nyuma. Natembea, natembea, silifikii. Mama, nilikuwa ng'ambo na uzamili wangu. Sikumzika baba yangu. Naona aibu hata kuingia humu ndani." Akalia kwa sauti, kama mtoto, bila kujali nani atasikia.

Mama akaweka kisu chini, akamvuta kichwa akakilaza mapajani pake.

"Ile yangu sijawahi kukumalizia," akasema. "Niliona utaumia. Baba yako pale langoni huwa ananiuliza, 'Ernesta ameshafika?' Namjibu yuko njiani. Kila akija, yuko njiani, yuko njiani. Mpaka najisikia mwongo."

Ukungu ukaingia barazani, ukawapita, ukaenda zake ndani ya nyumba. Kisha mama akajifuta mikono kwenye kanga.

"Lete hiyo simu, unirekodi." Akajiweka sawa, akaongea nayo kama anaongea na mkwe. "Mimi ni Redempta, wa Vudee. Nimekubali. Ninachopata ni kwamba na yeye ananisimulia." Akamgeukia bintiye. "Ila ile ndoto ya baba yako itoe."

Ernesta akaifuta aya yote, ile aliyoipenda kuliko zote. Maelezo yakabaki yanaanzia katikati, kama mtu aliyekatwa kauli. Akayatuma hivyohivyo. Watampokea, hawatampokea, hayo alimwachia Mungu na kamati.

Mama alikuwa ameshainuka kwenda kutazama makande yake motoni. Mlangoni akasimama.

"Leo nalala mapema," akasema. "Nikamwambie umefika."