Kiganja Kwenye Kioo

Tangu soko la kahawa lifunguliwe na kila mwenye gunia aitwe mnunuzi, barabara ya kupanda Mbinga ilikuwa imegeuka uwanja wa mashindano. Zamani lilipita lori la ushirika, moja, tena kwa adabu zake. Sasa yalikuwa mengi, ya watu binafsi, yanakimbizana kuwahi kahawa, na kila tairi linarusha kokoto. Vioo viwili vya mbele vya Landrova ya Mzee Adinani, mwenye duka pale Lundo, vilikwenda na kokoto hizo ndani ya msimu mmoja. Cha tatu kilitoka Dar es Salaam baada ya miezi minne, na siku kilipofungwa Mzee alimwambia dereva wake, "Othmar, hiki kikivunjika niletee funguo, usiniletee maelezo."

Othmar akashika neno. Sheria za kioo alizijua kama Baba Yetu. Usilifuate lori kwenye changarawe. Kaa nyuma mpaka vumbi litulie. Ukilazimika kupita, bandika kiganja kwenye kioo, ukibane, ili kokoto ikigonga kisitetemeke. Hata hivyo moja ilikuwa imeshamwahi, ikaacha alama upande wa kushoto, ndogo kama punje ya ulezi. Akaiziba kwa rangi ya kucha aliyoomba kwa Bi Asia, mke wa Mzee. Lakini alama ya namna hiyo inataka mtu wa kuishikilia, na mkono wa dereva haufiki huko huku gia zinamdai.

Asubuhi hiyo aliyelala kiti cha nyuma alikuwa mkewe, Beata. Uchungu siku ya pili, mtoto amekaa vibaya tumboni. "Mfikisheni Mbinga kabla ya saa sita," muuguzi alisema. "Hapa hatupasui." Mzee Adinani akatoa gari bila hata kuulizwa mara ya pili. Kichwa cha Beata kilikuwa mapajani mwa mama yake, Bonifasia, na kiti cha mbele kushoto kilikuwa kitupu. Kitupu, ndiyo! Nani akikalie? Mtu na mama mkwe wake hawakai bega kwa bega, hawatazamani usoni, hata salamu hupitia kwa binti. Ndivyo walivyolelewa. Miaka mitatu ya ndoa, Othmar hakuwahi kusikia jina lake kinywani mwa mama huyo.

Saa nne, wakianza kupanda kuelekea Tingi, lori la kahawa likawa mbele yao. Othmar akakaa nyuma. Vumbi likatulia kidogo, akasogea. Kokoto ikagonga boneti, paa! Akarudi nyuma tena. Alipiga honi mpaka ikakauka sauti. Lori wala!

"Beata," Bonifasia akasema, "mwambie mumeo apite."

"Mama anasema upite," Beata akasema kwa shida.

"Mwambie mama hakuna mtu wa kushika kioo huku."

Beata akafikisha. Hapo Othmar alitakiwa kusema maneno mawili tu: Mama, njoo. Hakuyasema. Amwite mama mkwe aje ubavuni mwake? Moyo ulimwambia mwite. Aibu ikamwambia subiri, kona ijayo lori litapisha. Kona ikapita, na nyingine, na nyingine. Alikuwa anaendesha huku machozi yanamtiririka, akimwogopa Mzee Adinani, akimwogopa mama mkwe, akiogopa kila kitu isipokuwa kile alichopaswa kukiogopa. Nusu saa nzima, jamani. Nusu saa!

"Beata, mwambie mumeo..."

Beata hakuitikia.

"Beata!"

Akamtikisa bega.

"Othmar!" Bonifasia akapiga kelele. "Othmar, pita! Mwanangu anakufa!"

Kabla hajageuka, mama alikuwa ameshamlaza binti yake vizuri na kuparamia kiti cha mbele. Khanga ya juu ikanasa, akaiacha hukohuko. Akakaa ubavuni mwa mkwewe, bega kwa bega, akabandika viganja vyote viwili juu ya ile alama, akamtazama usoni. "Pita, baba. Nimeshika."

Othmar akakanyaga mafuta. Kokoto zikawamiminikia, moja ikapiga hasa pale palipokuwa na mkono wa mama mkwe. Mama hakuutoa. Wakalipita lori, na kioo hakikupasuka.

Hospitalini daktari alitoka baada ya saa nzima. Beata alikuwa hai. Mtoto wa kiume alikuwa ameshachoka tumboni, hakulia. "Mngewahi kidogo," daktari akasema, "nusu saa tu..." Hakumalizia. Bonifasia akashusha macho, akamgeuzia mkwewe bega kama zamani. Hakumlaumu. Afadhali angemlaumu.

Kesho yake Othmar alirudisha gari Lundo. Mzee Adinani alimwona tangu mbali, akatoka dukani mbio, bila viatu.

"Vipi, mwanangu? Mkeo hajambo? Mtoto je?"

Othmar alitaka kujibu. Alifungua mdomo, macho yakamrudi kwenye kioo. Viganja vya mama mkwe vilikuwa bado pale kwa ndani, vimechorwa kwa jasho na vumbi, vidole vyote kumi.

"Kioo ni kizima, Mzee," akasema, akamkabidhi funguo.