Vipepeo Kumi na Viwili vya Pankras

Mafundi seremala wa Mbinga mjini ni wa aina mbili: wanaojua kazi na wanaojua kuisimulia. Mungu alipofika kwa Pankras akachoka kuchagua, akampa vyote viwili. Meza ya Pankras haikuyumba, mlango wake haukulia, lakini ukimwagiza stuli alikukabidhi stuli na hotuba juu yake.

"Pitisha kidole hapo. Umepaona nilipounganisha?"

"Sijapaona."

"Ehee! Hupaoni!" Na hapo huondoki mpaka jua la utosi.

Kwao ni Maguu, kwenye mibuni. Kahawa ya baba yake aliikimbia, akafungua karakana nyuma ya soko, na huko ndiko Lidia alikomkuta. Lidia alikuwa binti wa Lundo, kule ziwani, akipanda kila wiki na magunia ya usipa, wale dagaa wa Nyasa wanaopiga hodi puani kabla gari halijasimama. Siku moja alikuja kutengenezewa kimeza cha biashara. Akaondoka na kimeza, na hotuba, na mchumba.

Binti alikubali. Aliyebaki ni baba.

Baba alikuwa Mzee Henry, mchonga mitumbwi. Mshenga aliyepelekwa kwake na barua ya posa alikuwa Mzee Nicholaus wa Maguu, mtu mwenye ulimi laini kama mlenda. Alirudi amenyong'onyea.

"Shikamoo baba. Amesemaje?" Pankras aliuliza kabla mzee hajaketi.

"Marahaba. Amenitegea kitendawili."

"Badala ya jibu?"

"Ndilo jibu lenyewe. Kasema: nyumba yangu haina kona, haina msumari, na maji yanaiheshimu."

"Mtumbwi."

"Mtumbwi. Halafu akaniambia, 'Mzee mwenzangu, mtumbwi hutoka kwenye gogo moja. Ninyi wa milimani mnachimba mashimo mnayaita mashamba, mnapigilia vipande viwili mnajiita mafundi. Binti yangu simpi fundi wa misumari.' Mengine yote yuko tayari kuzungumza, mwanangu. Hilo la misumari ndilo limemkaa kooni kama mwiba wa samaki mbasa."

Mwingine angecheka. Pankras alishika kifua kama aliyetukanwa mama.

Mwezi uliofuata Lundo kulikuwa na sala ya kumbukumbu: mwaka mmoja tangu afariki Bibi Winifrida, mama yake Mzee Henry. Lidia alikuwa ameikuzisha picha ya bibi huyo studio, akaileta karakana ikiwa imekunjwa ndani ya gazeti.

"Tengeneza fremu," alisema. "Baba akiona ukucha wa msumari, tumekwisha. Asipouona, umenioa. Tafadhali lakini, Pankras, fremu tu. Usitengeneze kanisa."

Alikuwa anasema na ukuta.

Pankras alichagua mninga uliokauka miaka minne juu ya dari. Akaupiga randa mpaka ukang'aa kama nyama ya samaki mbichi. Akakata ncha za mbao kwa mshazari, nusu ya kona ya mraba kila upande, ili zikikutana zibusiane bila kubakiza nafasi. Kwa fundi wa kawaida kazi imeisha hapo: gundi, misumari miwili, ndugu njoo uchukue. Pankras alikuwa ndiyo kwanza anaanza. Juu ya kila kona alichora vipepeo vitatu. Kipepeo ni kipande cha mpingo, kiuno chembamba, mbawa pana pande mbili. Kiuno hukaa juu ya mstari mbao zinapokutana, bawa moja huuma ubao huu, bawa la pili huuma ule, na hapo kona haiachani hata uivute na ng'ombe. Tundu lake huchimbwa kwa patasi. Kipepeo kikipungua unene wa unywele, kinacheza. Kikizidi, kinapasua ubao.

Kikipungua, mafundi wenzake hukoroga vumbi la mbao na gundi wakaziba ufa. Rojo hiyo Pankras aliiita ugali wa wavivu. Yeye alitupa kona nzima akaanza upya. Alitupa mbili.

"Wiki ya tatu hii," alisema Hamphrey, seremala wa karakana ya jirani, ambaye ugali wa wavivu aliupika kila siku na wateja wake walishiba. "Bibi wa watu anangoja. Akifufuka utakuwa umemaliza?"

"Wewe pigilia vitanda vyako."

"Napigilia. Na watu wanalala. Wewe hivyo vipepeo vyako vitaruka lini?"

Lidia naye alipita siku moja, amesuka nywele mpya, mistari myembamba iliyomkalisha kwa shangazi yake tangu asubuhi hadi jioni. Akasimama mlangoni, akageuza kichwa huku, akageuza kule.

"Unaona nini?" aliuliza.

"Hii ya kushoto juu," Pankras alisema, akamshika mkono akampeleka kwenye kona. "Tazama kiuno chake!"

Lidia alitazama kiuno cha kipepeo. Alikitazama muda mrefu.

Siku ya safari walipanda gari la Noah, Pankras na Mzee Nicholaus, kuteremka ziwani. Fremu ilikuwa mapajani, imefungwa blanketi jipya. Kila kona ya barabara Pankras aliikumbatia, na barabara ile ina kona nyingi kuliko utumbo wa mbuzi.

"Mtoto ana miezi mingapi?" mama mmoja wa siti ya nyuma alimuuliza kwa huruma.

"Ni fremu, mama."

"Fremu?" Mama akamgeukia jirani yake, akamwambia, "Huyu alizaa na msumeno."

"Sasa sikiliza," Mzee Nicholaus alimnong'oneza Pankras. "Huko mdomo ni wangu. Mkwe hana mdomo, hana macho, hana mikono. Hasa mikono. Mama Eliza, mama yake Lidia, humtazami usoni, humsogelei, humsemeshi. Ukiwa na neno naye, nipe mimi, nitalifikisha."

"Sawa baba. Na fremu?"

"Tutaipokeza kwa wanawake ikiwa ndani ya blanketi. Baada ya sala itatolewa, Mzee Henry ataiona mbele za watu. Hapo nami nitasema maneno mawili matatu."

"Utataja vipepeo?"

"Nitataja."

"Ni kumi na viwili."

"Najua ni kumi na viwili, Pankras. Nimeambiwa tangu Mbinga."

Walifika Lundo turubai limeshafungwa, masufuria yako motoni, na Mzee Henry amekwenda kumlaki Padri. Shangazi Siwema, dada yake Mzee Henry, ndiye aliyewapokea. Shangazi huyu alikuwa na ruhusa ya kabila zima kumtania yeyote, na hakuwahi kuiacha ruhusa hiyo ikachacha.

"Karibuni watu wa mashimo! Wakatoliki leo mmekuja kuombewa na Waanglikana? Na hili blanketi, kitendawili: kinafunikwa wala hakisikii baridi, kinabebwa wala hakiumwi?"

"Ni zawadi yetu ndogo, shangazi," Mzee Nicholaus akasema.

"Lete. Tuipambe."

Neno hilo Pankras hakulisikia vizuri. Alilielewa baadaye, akiwa ameketi kwenye benchi la wanaume. Kule barazani Mama Eliza na wenzake wa kanisani walilifungua blanketi, wakasema "Bibi wa watu, anacheka," wakaibusu picha, na hakuna hata mmoja aliyetazama mbao. Kisha ukafunguliwa mfuko wa maua ya plastiki. Picha ya marehemu hupambwa, kila mtu anajua hilo, na maua yake hukaa mahali pamoja tu tangu dunia iumbwe: kwenye kona. Kona zote nne.

Ua la kwanza lilikuwa jekundu, kubwa kama kikombe, na majani ya kung'aa. Likawekwa juu ya vipepeo vitatu.

"Baba," Pankras alimnong'oneza mshenga, jasho linamtoka. "Wanafunika!"

"Waache."

"Wanafunika kona!"

"Ulitaka wafunike uso wa marehemu? Tulia. Maua hutolewa."

"Lini?"

"Yakichakaa."

Maua ya plastiki. Pankras alipiga hesabu ya miaka akaona giza.

Lakini ubao ulimtetea. Mafuta aliyoupaka usiku na mchana yaliikataa selotepu. Ua likashika, likainama, likaanguka. Mama Eliza akalirudisha, likaanguka tena. Wanawake wakacheka. Pankras alitabasamu kama mtu aliyesamehewa dhambi.

"Mbao gani hii, imepakwa sabuni?" akasema Mama Eliza. "Siwema, nipe ile nyundo ya mume wangu. Na misumari midogo."

Mzee Nicholaus aliona goti la Pankras likicheza, akampelekea mkono amshike shati. Alichelewa. Mama Eliza alikuwa ameuweka msumari katikati kabisa ya kipepeo cha kulia juu, kile cha mwisho, kile kilichokula siku tatu, na nyundo ilikuwa hewani. Pankras aliruka benchi, akamruka mzee mmoja kiziwi, akaparamia baraza.

"Mama, usipigilie!"

Na akaudaka mkono wa mama mkwe wake. Akaushika barabara, kifundoni, mbele ya ukoo mzima wa Lundo, akamkazia macho.



"Yuuuh!" Shangazi Siwema akaweka mikono kichwani. "Kamshika! Jamani mkwe kamshika mama mkwe, mchana huu, na Padri anakuja!"

Mama Eliza aliangusha nyundo, akajifunika kitenge uso mzima, akaingia ndani na kujifungia. Pankras alibaki barazani. Tusimsingizie: hakuona haya mara moja. Kwanza alikiangalia kipepeo kama kimepona.

Mzee Henry alitokea na Padri njiani.

"Kuna nini?"

"Mzee mwenzangu," Mzee Nicholaus alianza, ulimi wa mlenda umekauka, "kijana ameteleza."

"Ameteleza mpaka kwenye mkono wa mkeo!" Siwema akamalizia.

Mzee Henry alimtazama Pankras, akatazama msumari ulioanguka, akainama akaichukua fremu.

"Kuna nini hapa cha kumfanya mtu mzima apotelewe na akili?"

Akaliondoa ua lililobaki juu yake kwa mkono wake mwenyewe. Akapitisha kidole gumba juu ya kona, polepole, kama anavyopima ubavu wa mtumbwi. Akatafuta ufa kwa ukucha. Hakuupata. Akageuza nyuma, akageuza mbele, akainua juani. Watu walisogea, hata Padri, na vipepeo vyote kumi na viwili vikatazamwa na Lundo nzima. Aibu iko palepale inachemka, mama mkwe amejifungia, mshenga anatafuta pa kutokea, na Pankras moyo unamcheza ngoma kwa furaha!

"Msumari hakuna?" Mzee Henry aliuliza.

"Hakuna, baba! Kila kipepeo nimekichonga kilingane na tundu lake, halafu..."

"Sijauliza halafu." Mzee akaiweka fremu juu ya kiti, akarudi nyuma hatua mbili. "Kona ni nzuri. Sijaona kona nzuri namna hii."

Pankras alivuta pumzi.

"Mkwe ni mbaya."

Pumzi ikabaki ndani.

"Utaleta kuku mweupe na doti ya khanga, ili mke wangu afungue mlango. Hiyo ni faini, haina mjadala."

"Italetwa," akasema Mzee Nicholaus haraka. "Na ile posa, mzee mwenzangu? Maana la misumari naona limekwisha."

"La misumari limekwisha. Mimi sina neno tena." Mzee Henry alinyoosha kidole jikoni, ambako Lidia alikuwa anatokea na jagi la maji na beseni. "Muulizeni anayekwenda kuishi naye."

Lidia alisikia. Alikuwa ameyaona yote kupitia dirisha la jiko. Alisimama mbele ya Pankras, jagi mkononi, hana hasira.

"Nina swali moja," alisema. "Kama ungekuwa mkono wangu pale chini ya nyundo, ungeruka vile vile?"

Lilikuwa swali la kupewa. Hata mtoto wa chekechea angelipata. Mzee Nicholaus alitikisa kichwa juu chini, juu chini, ndiyo, sema ndiyo! Shangazi Siwema mwenyewe alinyamaza amwachie nafasi. Lakini Pankras alikuwa mtu wa vipimo, na jambo asilolipima hakulisema. Akakunja uso. Akafikiri.

"Msumari wenyewe ungekuwa wa inchi ngapi?"

Siwema alikaa chini pale pale kwenye vumbi, akacheka mpaka kilemba kikamwanguka. Padri aligeuka kutazama ziwa.

Lidia alisubiri vicheko vipungue. Kisha akaendelea na kazi iliyomtoa jikoni: akamnawisha Padri mikono, akamnawisha baba yake, akamnawisha Mzee Nicholaus, akamnawisha hadi yule mzee kiziwi. Akafika kwa Pankras, ambaye alikuwa amekwisha kunyoosha mikono yake yote miwili, akampita.